Kikao cha Chicago kimenipita, saa yangu ina tatizo?

SWALI: Niko Nakuru, nafanya kazi kwa mtandao na timu ya Chicago. Kikao chetu cha Jumanne huanza saa kumi na mbili jioni. Machi hii niliingia kwa wakati, nikakuta watu wanaagana. Kompyuta yangu imeharibika saa?

JIBU: Kompyuta yako ni nzima. Wenzako ndio waliosogeza saa.

Kwao kikao ni saa tatu asubuhi, mwaka nenda mwaka rudi. Wakati wa baridi Chicago iko nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima isiyosogezwa, kwa saa sita, nasi tuko mbele kwa tatu, jumla tisa. Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza mishale mbele ili jioni ipate mwanga zaidi. Tofauti inabaki saa nane, na kikao kinaangukia saa kumi na moja yetu. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanairudisha. Sisi wa ikweta tungesogeza ili iweje, wakati jua letu la Juni na la Desemba karibu ni lilelile?

Usiku wenyewe wa Machi una kituko. Saa yao ikimaliza saa saba na dakika 59 inarukia saa tisa. Saa nane ya usiku haipo kabisa. Kwetu wakati huo ni Jumapili saa tano asubuhi, watu wako kanisani. Novemba ni kinyume: saa saba na nusu usiku inapita mara mbili. Hapo niliwahi kuumia. Nilipanga programu ya kunakili data iamke muda huo kwa saa za huko, ikaamka mara mbili, na nakala ya pili ikaifuta ya kwanza. Tangu hapo kazi za seva nazipanga kwa UTC.

Lakini kikao cha watu usikifunge kwenye UTC. Fungua mwaliko, kwenye ukanda wa saa weka America/Chicago, wala si Africa/Nairobi au UTC-6. Jina la mji limebeba kanuni zote za kusogeza. Namba haijui Machi imefika.

Na mkiongezewa mtu wa London, mwonyeni mapema. Uingereza husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo wiki mbili au tatu kabla ya hapo kikao kitamwahi kwa saa nzima, kama kilivyokuwahi wewe.