Kubizimu, sinema na vinyago vya Afrika

Umeuliza kama sinema inaweza kuchora sura ya mtu kwa namna ya kubizimu, yaani mtindo wa sanaa wa mwanzoni mwa karne ya 20 unaoonyesha kitu kutoka pande nyingi kwa pamoja, na Afrika inaingiaje hapo. Kwa maoni yangu, kumzungushia mtu kamera hakutoshi, kwa sababu pande za uso huonekana moja baada ya nyingine, ilhali kubizimu huziweka pamoja. Ndiyo maana filamu ya Fernand Léger na Dudley Murphy ya mwaka 1924 ilitumia vioo kuzidisha sura ndani ya fremu moja.

Deni la kubizimu kwa Afrika ni kubwa kuliko wengi wanavyokiri. Mchoraji Picasso, mmoja wa waanzilishi wa kubizimu, alikuwa na kinyago cha Wagrebo, watu wa Liberia na Côte d'Ivoire, ambacho macho yake ni mirija iliyochomoza mahali ambapo uso halisi una mashimo, na katika gitaa lake la kadibodi la mwaka 1912 tundu la sauti linachomoza vivyo hivyo. Lakini vinyago vilichongwa ili vichezwe, pamoja na ngoma na mavazi, na Paris vikatundikwa kimya ukutani. Kamera inaweza kuvirudishia mwendo huo, na hapo ndipo ningekushauri uanzie.