Ukikatizwa katikati ya japa: ushauri kwa mnaoanza

Nyie mlioanza japa juzijuzi, yaani kurudiarudia mantra (maneno matakatifu ya Kihindu) huku mnahesabu kwa mala, ule mkufu wa shanga, swali ninaloulizwa sana ni hili, nikikatizwa katikati ya mala naanza upya ama naendelea? Mi nasema hilo liamue kabla hujashika shanga, manake ukingoja mpaka mtu agonge mlango ndo uanze kufikiria, mantra itakupotea na huyo mtu pia hutamsikiliza vizuri.

Mala ina shanga 108 na ile moja ya juu, meru, ambayo hatuivuki, ukiifikia unageuza unarudi ulikotoka. Basi meru ndo kituo chako. Anayekuita kama anaweza kusubiri mpe ishara ya mkono, malizia mzunguko, alafu ongea nae akili yako yote ikiwa pale. Kwa aliyezoea, mzunguko mmoja wa mantra ya Hare Krishna ni kama dakika 7 hivi, mambo mengi yanaweza kungoja dakika 7. Ila mtoto akilia kwa maumivu au mgonjwa akiita, acha hapohapo uende, wala usijilaumu. Ukirudi hujui ulifika ushanga gani, rudia mzunguko huo kuanzia kwenye meru, usibahatishe. Nisichokubali kabisa ni ile ya kujibu maswali ya watu huku vidole vinaendelea kusukuma shanga, hesabu inapanda lakini japa pale haipo.

Na chunga hasira jamani. Aliyekukatiza amechukua dakika moja tu, ila ukikaa unamnung'unikia moyoni mzunguko mzima unaondoka na yeye, na ni wewe unayembeba.

Simu izime au iache chumba kingine. Wanaohesabia kwenye simu nawaomba warudi kwenye mala, meseji ikiingia jicho lishaenda. Muda nao unasaidia, Brahma muhurta, ule muda wa alfajiri unaopendwa kwa ibada, inaanza kama saa moja na dakika 36 kabla jua halijachomoza na inachukua dakika 48, wengi bado wamelala, hakuna wa kukuita.

Sasa vurugu ya ndani ndo ngumu zaidi. Kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, 6:26, Mungu Krishna anasema kokote akili inakotangatanga, itolewe huko irudishwe, yaani hakuahidi kwamba haitatangatanga, kazi yako ni kuirudisha, hata mara mia kwenye mzunguko mmoja, na kila ukiirudisha hiyo nayo ni japa. Wengi wanaoanza wamesikia kuwa manasika, japa ya moyoni, ndo ya juu kabisa, basi wanaikimbilia siku ya kwanza na dakika mbili baadae wanapanga mambo ya kazini. Anza na vachika, sauti ambayo masikio yako yanaisikia, kila neno lisikie lote, ukizoea shuka kwenye upamshu, midomo inacheza na sauti inakuwa mnong'ono tu, ya moyoni itakuja yenyewe. Usingizi ukikubana pandisha sauti, au simama utembee taratibu na mala mkononi.

Idadi nayo isikutie presha. Waliopewa diksha, yaani waliopokelewa rasmi na guru, kwenye ISKCON, ile jumuiya ya Hare Krishna, wanaahidi mizunguko 16 kila siku, hiyo ni ahadi yao, wewe uliyeanza chukua mmoja na uulinde vizuri. Na ukitoka kukatizwa usirukie shanga moja kwa moja, kaa, vuta pumzi, itamke mantra mara tatu kwa sauti bila kuhesabu, ndo ushike ushanga uendelee.