Vihisi vya faiba kwenye transfoma: viombe kabla koili hazijafungwa

Ndugu yetu anauliza kama anaweza kufunga vihisi joto vya faiba (nyuzi nyembamba zinazopitisha mwanga) kwenye transfoma ya 132/33 kV ambayo imeshatumika miaka mingi, kwa sababu saa ya joto, yaani kipimo kinachokusudiwa kuonyesha joto la koili, inaonyesha hali ya kawaida ilhali vipimo vya mafuta vinaashiria kwamba karatasi inayohami waya za koili inachakaa. Ndani ya koili haiwezekani, isipokuwa koili zenyewe ziwe zinasukwa upya. Kihisi hukaa katikati ya vipande vya kadibodi ngumu vinavyotenganisha tabaka za juu za koili, na hapo mkono haufiki tena transfoma ikishaingizwa kwenye tangi.

Saa yako haijaharibika. Tatizo ni kwamba haigusi koili. Inapima mafuta ya juu, kisha hita ndogo inayopata mkondo kutoka transfoma ya mkondo (transfoma ndogo ya kupimia mkondo wa mzigo) inaongeza kiasi kilichokadiriwa kiwandani. Mzigo ukipanda ghafla, koili huchukua dakika chache tu kupata joto, wakati mafuta huchukua saa kadhaa. Nimeshuhudia hili katika jaribio la joto kiwandani: mkondo ulipoongezwa, usomaji wa faiba ulipanda mara moja, na kipimajoto cha mafuta kilikuwa karibu hakijasogea. Katika dakika hizo mafuta bado ni mazito na hayajaanza kuzunguka vizuri, kwa hiyo koili huweza kuzidi hata lile joto itakalotulia nalo baadaye.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwongozo wa kimataifa wa upakiaji wa transfoma, IEC 60076-7, unaichukulia karatasi ya kawaida kuwa inazeeka kwa kasi ya kawaida sehemu yenye joto kali zaidi ikiwa na nyuzijoto 98 za Selsiasi, na kila zinapoongezeka 6, kasi hiyo huwa maradufu. Karatasi ikishakatika haitengenezeki.

Faiba inafaa kwa sababu haina chuma: haivurugi uga wa umeme wala haivurugwi na sumaku. Katika aina moja inayotumika sana, ncha yake ina kristali ya galiamu asenidi, ambayo hufyonza sehemu ya mwanga mweupe uliotumwa, na mpaka wa mawimbi yanayofyonzwa husogea kadiri joto linavyobadilika.

Kwa transfoma uliyonayo, ningerekebisha hita ya saa kwa kutumia ripoti ya jaribio la kiwandani, na kuwasha feni kwa kufuata mzigo badala ya kusubiri mafuta yapate joto. Kwa ile utakayoagiza, andika faiba kwenye masharti ya zabuni, utaje koili zitakazowekewa, na udai vihisi vya akiba, kwani faiba nyembamba hukatika kwa urahisi mafundi wanapokaza koili. Kila faiba ijaribiwe baada ya kukaza, ijaribiwe tena kiini pamoja na koili zake kinapoingizwa tangini, na mara ya mwisho ikifika kituoni, kabla hujasaini hati ya kupokea.