Sonona Ni Mzigo Gani?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Tangu msimu wa korosho uishe, mjomba wangu huamka saa tisa usiku, hukaa barazani akiyatazama magunia matupu, na chakula hakigusi. Ndugu wanasema ni uvivu. Redioni nilisikia kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, ni mzigo wa dunia nzima. Ugonjwa usioua unakuwaje mzigo? Msomaji, Newala.

JIBU: Marahaba. Wataalamu wa afya ya jamii hawahesabu vifo peke yake. Huhesabu pia miaka ambayo mtu huishi bila kuzimudu shughuli zake, na kwa kipimo hicho sonona, ambayo mara nyingi huanza ujanani na huweza kujirudia, huyapita maradhi mengi yanayotisha zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa nayo, wanawake wengi kuliko wanaume, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nasi tukiwamo, zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba. Wala si kweli kwamba haiui, kwani wako wanaojiua.

Kuhusu uvivu: mvivu ninayemjua mimi hakatai ugali. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, mpelekeni kituo cha afya, ambako anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Ligula, Mtwara. Tiba ni mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, hivyo asiziache mapema. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru, na akikiri, msimwache peke yake, mpelekeni siku hiyohiyo.