Maswali ya Wasomaji: Mwaka 2021 Tanzania, Tarehe kwa Tarehe

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji walete maswali kuhusu mwaka 2021, mwaka ambao Tanzania ilizika Rais aliyekuwa madarakani na viongozi wengine kadhaa. Barua nyingi zimetoka kwa walimu, watangazaji na vijana wanaoandaa kumbukumbu za mwaka huo. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Mhariri, salaam. Tunaandaa ubao wa historia shuleni. Wanafunzi wameniletea tarehe mbili za kifo cha Rais John Magufuli, 17 na 18 Machi. Ipi sahihi?
*Mwalimu wa Historia, Singida*

Mwalimu, andika 17 Machi 2021, Jumatano. Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alitangaza msiba huo akiwa Tanga, kupitia televisheni ya taifa, usiku wa tarehe hiyohiyo yapata saa 5. Alisema Rais amefariki jioni ya siku hiyo, majira ya saa 12, katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa maradhi ya moyo aliyokuwa nayo kwa miaka mingi.

Tarehe 18 inaingia kwa njia mbili. Magazeti yaliyobeba habari hiyo yaliandikwa 18 Machi, na mwanafunzi hunakili tarehe iliyo juu ya ukurasa bila kusoma mwili wa habari. Njia ya pili ni simu. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo tangazo liliwafikia jamaa wa kule saa 6 usiku ikigonga. Ujumbe waliotuma ukabeba tarehe mpya, na picha za ujumbe huo bado zinazunguka.

Dawa yake ni kuchora safu nne kwenye daftari badala ya mbili: siku ya tukio, siku lilipotangazwa, siku lilipoanza kutumika kisheria, na chanzo cha habari. Mwaka 2021 hauandikiki vizuri bila safu hizo. Chukua watu 45 waliofariki katika msongamano wa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, siku ya kuaga mwili wa Rais. Tukio ni la 21 Machi, lakini polisi walitoa idadi hiyo zaidi ya wiki moja baadaye. Mwanafunzi akifungua magazeti ya 22 Machi peke yake ataandika idadi ndogo, naye atakuwa na gazeti la kweli mkononi. Kwa maafa ya aina hii, soma magazeti ya wiki mbili mfululizo kabla ya kuandika idadi, kisha uandike na tarehe ambayo idadi hiyo ilitolewa.

Kosa jingine la kwenye mbao za shule ni umri. Magufuli alizaliwa 29 Oktoba 1959. Ukitoa 1959 kwenye 2021 unapata 62, lakini Oktoba ilikuwa haijafika, hivyo alifariki akiwa na miaka 61. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alizaliwa 22 Oktoba 1943 na kufariki 17 Februari 2021, naye alikuwa na miaka 77, si 78. Angalia mwezi kwanza, ndipo utoe mwaka.

Na msiandike kwamba Magufuli ni kiongozi mkuu wa kwanza kufia madarakani nchini. Yeye ni Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Muungano kufia madarakani. Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa 7 Aprili 1972 akiwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari 12 Aprili 1984, na Makamu wa Rais Dk. Omar Ali Juma alifariki 4 Julai 2001.

Je, Samia alikuwa Rais tangu usiku ule wa tarehe 17? Na kwa nini hapakuitishwa uchaguzi?
*Mwanafunzi wa sheria, Morogoro*

Kwenye kumbukumbu, urais wake unaanzia kiapo: Ijumaa, 19 Machi 2021, Ikulu ya Dar es Salaam, mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma. Ibara ya 37(5) ya Katiba inasema kiti cha Rais kikiwa wazi kwa sababu ya kifo, Makamu wa Rais ataapishwa na kuwa Rais kwa muda uliobaki wa kipindi cha miaka mitano. Hapo hakuna nafasi ya uchaguzi wala ya Rais wa mpito. Waliomwita "Kaimu Rais" baada ya kiapo walikosea.

Ibara hiyohiyo inaendelea, na ni hapa watu wengi wanapoachia kusoma. Rais mpya hushauriana na chama chake, kisha hupendekeza jina la Makamu, na Bunge hulithibitisha kwa kura zisizopungua nusu ya wabunge wote. Jina la Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha, lilipelekwa bungeni Dodoma 30 Machi na kupata kura zote 363 zilizopigwa. Aliapishwa 31 Machi. Kwa hiyo kuanzia 19 hadi 31 Machi nchi ilikuwa na Rais lakini haikuwa na Makamu wa Rais. Orodha inayompa Mpango tarehe 19 imeruka siku 12.

Soma pia ibara ya 40(4). Makamu akirithi kiti kikiwa kimebaki chini ya miaka mitatu, anaweza kugombea urais mara mbili. Kikiwa kimebaki miaka mitatu au zaidi, atagombea mara moja tu. Magufuli aliapishwa kwa kipindi cha pili 5 Novemba 2020, hivyo ilibaki zaidi ya miaka minne na nusu.

Nimesikia redio moja ikisema Othman Masoud Othman alimrithi Samia kama Makamu wa Rais. Kweli?
*Mtangazaji wa redio ya jamii, Kigoma*

Si kweli, ndugu yetu, na utusaidie kulisahihisha hewani. Hivyo ni viti viwili vya serikali mbili. Othman Masoud alimrithi Maalim Seif kama Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na aliapishwa 2 Machi 2021, Magufuli akiwa bado hai. Kiti hicho kiliundwa na marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010, yaliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hadi siku Maalim Seif anafariki katika Hospitali ya Muhimbili, hakuna mwingine aliyewahi kukikalia ila yeye mwenyewe: 2010 hadi 2016, kisha tena kuanzia Desemba 2020. Alizikwa Mtambwe, Pemba.

Ukisoma habari hewani, taja cheo kizima kila mara: "Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar". Ukikikata kikawa "Makamu wa Rais", msikilizaji atafikiria Muungano.

Kwa kuwa upo redioni, tunakuongezea mtego mwingine wa mwaka huo: Katibu Mkuu Kiongozi, yaani mkuu wa utumishi wa umma. Balozi Mhandisi John Kijazi alifariki Dodoma 17 Februari, siku ileile ya Maalim Seif. Dk. Bashiru Ally aliteuliwa 26 Februari. Tarehe 31 Machi Rais Samia akamteua Balozi Hussein Kattanga, na Dk. Bashiru akateuliwa kuwa mbunge. Ndani ya wiki sita cheo hicho kimepita kwa watu watatu. Kabla hujasoma jina la Katibu Mkuu Kiongozi kwenye habari za mwanzo wa 2021, tazama tarehe ya habari yenyewe.

Mwaka ule tulikuwa tunapokea tanzia kila siku kwenye simu, nyingine za uongo. Tunapoandaa orodha ya waliofariki, tutachuja vipi?
*Kikundi cha vijana, Tanga*

Swali hili ni zito kuliko yote, kwa sababu tanzia ya uongo huumiza familia iliyo hai. Mnakumbuka ya Februari 2021. Baada ya kifo cha Maalim Seif na Kijazi siku moja, Profesa Benno Ndulu, Gavana wa zamani wa Benki Kuu, akafariki 22 Februari. Katika hali hiyo ukavumishwa msiba wa Dk. Mpango, aliyekuwa amelazwa. Ilibidi Waziri mwenyewe atoke mbele ya wanahabari hospitalini Dodoma, anakohoa na kuvuta pumzi kwa shida, athibitishe kwamba yupo. Wiki tano baadaye akawa Makamu wa Rais.

Fanyeni hivi. Kila jina litafutiwe tangazo lenye mwenyewe: familia, Ikulu, Bunge, chama, au mwajiri. Ujumbe uliosambazwa usiokuwa na mwandishi hauhesabiki, hata ukiwa na picha na mshumaa. Kisha tafuteni habari ya mazishi. Tanzia ya kweli hufuatwa na mahali na siku ya kuzika. Ya uongo huishia kwenye tangazo. Jina lenye tangazo na maziko huingia kwenye orodha. Jina lenye kimoja tu likae pembeni kwa penseli.

Chanzo cha kifo kiandikwe kama kilivyotangazwa, na mseme nani alitangaza. Kwa Maalim Seif, chama chake cha ACT-Wazalendo kilishasema mwishoni mwa Januari kwamba amepata korona. Kwa Magufuli, tangazo la serikali lilisema moyo. Yaliyosemwa mitaani si ya kuingizwa kwenye safu ya chanzo.

Mbunge akifariki mna njia nyingine ya kuhakiki: uchaguzi mdogo. Atashasta Nditiye wa Muhambwe alifariki 12 Februari, na jimbo likapiga kura 16 Mei. Siku hiyohiyo Buhigwe nayo ilipiga kura, lakini huko hapakuwa na msiba; kiti kilikuwa wazi kwa sababu Mpango alipanda cheo. Khatib Said Haji wa Konde, Pemba, alifariki Mei. Elias Kwandikwa, Waziri wa Ulinzi na mbunge wa Ushetu, alifariki 2 Agosti, na Ushetu ikapiga kura 9 Oktoba. William Olenasha wa Ngorongoro alifariki Septemba. Angalieni Konde hasa, maana ilipiga kura mara mbili mwaka huohuo: Julai, kisha tena 9 Oktoba, kwa sababu mshindi wa kwanza alijiuzulu. Anayeona tarehe mbili hudhani moja ni kosa na kuifuta.

Abdulrazak Gurnah tumwandike kwenye matukio ya Tanzania au ya Uingereza?
*Msomaji, Mombasa*

Mwandike kote, na maelezo yake yasiwe ya kukata. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka ujanani baada ya Mapinduzi, na ameishi na kufundisha Uingereza. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilitangazwa 7 Oktoba 2021. Medali alikabidhiwa London Desemba, si Stockholm, kwa sababu ya korona. Tangu Wole Soyinka mwaka 1986, hakuna mwandishi mweusi wa Afrika aliyekuwa ameipata. Kwetu sisi hilo ni tukio la Zanzibar na la pwani nzima, na orodha ya 2021 inayotaja misiba na siasa bila kulitaja ina upungufu.

Nina nafasi ya matukio machache tu ya nusu ya pili ya mwaka, yasiyo vifo. Mnanishauri yapi?
*Mhariri wa jarida la chuo, Mbeya*

Tungeanza na Julai, mwezi uliojaa. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa 10 Julai. Tozo ya miamala ya simu ilianza 15 Julai, na baada ya malalamiko ya wananchi ikapunguzwa kwa asilimia 30. Usiandike kwamba ilifutwa. Freeman Mbowe, Mwenyekiti wa Chadema wakati huo, alikamatwa Mwanza usiku wa kuamkia 21 Julai, kabla ya kongamano la Katiba mpya. Habari hii haikuishia 2021, kwa hiyo weka alama ya kuelekeza mbele: aliachiwa 4 Machi 2022. Dozi 1,058,400 za chanjo ya korona ziliwasili 24 Julai, na 28 Julai Rais Samia akachanjwa hadharani.

Nafasi ikibana, punguza mengine, lakini 24 Novemba usiiguse. Siku hiyo Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za serikali. Tangu kauli ya Rais Magufuli ya Juni 2017 mlango huo ulikuwa umefungwa.

Desemba utakutana na "miaka 60 ya Uhuru". Andika Uhuru wa Tanganyika, au Tanzania Bara, 9 Desemba 1961. Tanzania yenyewe ilizaliwa 26 Aprili 1964, na 2021 ilikuwa na miaka 57.