Mkanda Ulipokatika Kabla ya Kufika Silverton

Anayekodi gari-nyumba kwa safari ya milimani huonyeshwa kitanda, jiko, choo na namna ya kujaza maji, lakini ni mara chache sana huonyeshwa injini. Sisi tulionyeshwa hayo yote kwa muda wa saa nzima jijini Denver, mimi na mke wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Iringa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeomba boneti ifunguliwe. Siku ya tatu mkanda wa injini ulikatika tukiwa zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaopanga safari ya namna hiyo na wazee na watoto, kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyotupata ingeweza kuzuiwa kabla hatujaondoka.

Njia tuliyochagua ni barabara namba 550 inayotoka Durango hadi Ouray, katika milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado. Mwendo wote ni takriban kilomita 113 tu, lakini barabara hiyo inavuka migongo mitatu ya milima: Coal Bank kwenye mita 3,243, Molas kwenye mita 3,325, na Red Mountain kwenye mita 3,358. Sehemu kati ya Silverton na Ouray ndiyo maarufu kwa jina la Million Dollar Highway. Sijawahi kuona barabara nzuri kuliko hiyo, wala inayodai uangalifu mkubwa kiasi hicho, kwa kuwa mahali pengi ukingoni hapana vizuizi vya chuma. Mashine za kuondoa theluji zinahitaji nafasi ya kuisukumia bondeni wakati wa baridi.

Mlio ulianza kabla hatujafika Coal Bank. Ulikuwa mlio mwembamba, kama wa filimbi, uliosikika kila nilipokata kona kali au kukanyaga mafuta. Mama mkwe, ambaye marehemu mumewe aliendesha lori miaka mingi katika njia ya mlima Kitonga, karibu na Iringa, aliusikia kabla yangu.

"Baba, gari hili linalia," alisema.

"Ni mlima tu, mama. Injini imelemewa," nilimjibu, nikaendelea.

Jibu langu lilikuwa na ukweli kiasi. Injini ya kawaida ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo huko juu ilikuwa imepungukiwa karibu asilimia 30, huku ikibeba gari la tani zaidi ya 6. Lakini injini iliyolemewa hunguruma, haipigi filimbi. Mlio wa filimbi unaoongezeka unapozungusha usukani ni dalili ya mkanda unaoteleza, na mahali sahihi pa kusimama palikuwa palepale niliposikia maneno ya mama.

Tulivuka Coal Bank, tukashuka kidogo, na tukiwa tunapanda kuelekea Molas kukasikika kishindo chini ya boneti. Taa ya betri iliwaka, usukani ukawa mzito kama umefungwa, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Katika gari lile mkanda mmoja ndio uliozungusha alteneta inayochaji betri, pampu ya maji ya kupoza injini na pampu ya usukani, na pampu hiyohiyo ya usukani ndiyo iliyozipa breki msaada. Mkanda ukikatika, breki za mfumo huo hubaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, baada ya hapo dereva hutegemea nguvu ya mguu wake peke yake. Sisi tulikuwa tunapanda, kwa hiyo mlima wenyewe ulitusaidia kusimama. Upande wa pili wa Molas barabara inashuka karibu mita 500 hadi Silverton, na hadi leo namshukuru Mungu kwamba mkanda haukungoja tufike huko.

Niliingia kwenye uwanja mpana wa maegesho pembeni mwa barabara, nikazima injini mara moja, nikavuta breki ya mkono na kuweka kabari nyuma ya magurudumu. Kabari hizo zilikuwa kwenye sanduku la vifaa vya kusawazishia gari wakati wa kulala. Hakikisha unajua zilipo kabla ya kuondoka. Mfuniko wa rejeta sikuugusa. Kwenye mwinuko ule maji huchemka yakifika takriban nyuzi 89 za selsiasi badala ya 100, na yaliyomo ndani ya rejeta yanazuiwa na mgandamizo peke yake. Ukifungua yakiwa ya moto yatakurukia usoni.

Simu zetu hazikuwa na mtandao. Niliandika kwenye karatasi namba ya barabara, namba ya maili iliyokuwa kwenye kibao cha karibu, urefu na uzito wa gari, idadi yetu pamoja na umri wa mama, na namba ya huduma ya dharura iliyokuwa kwenye mkataba. Niliandika nakala mbili na kuwapa madereva wawili tofauti waliokuwa wakielekea Silverton, kwa kuwa mmoja angeweza kusahau. Gari la kuvuta lilifika jioni, lakini lilikuwa dogo, lisiloweza kuvuta hata nusu ya uzito wetu. Kabla ya kusaini mkataba wowote, uliza kwa maneno haya: huduma ya kuvuta inahusu magari ya uzito gani, na je, inafika barabara za milimani? Mimi sikuuliza, nikidhani neno "huduma ya dharura" linatosha.

Usiku huo ndipo nilipoona faida ya gari-nyumba. Betri ya sehemu ya kulala ni tofauti na ile ya injini, kwa hiyo taa na hita ziliendelea kufanya kazi, na tulikuwa na maji na chakula. Hata katika Julai usiku wa huko ni wa baridi kali, na alasiri ngurumo na mvua ni jambo la kawaida. Mama aliumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko. Tulimpa maji, tukampumzisha, na asubuhi alikuwa nafuu. Kama angeanza kutapika au kuchanganyikiwa, tiba ingekuwa kumshusha chini haraka, na nilikwisha kuamua kwamba ningesimamisha gari lolote lililopita.

Fundi alikuja asubuhi na mkanda mpya pamoja na puli ya kuukazia. Alinionyesha ule wa zamani: ulikuwa na nyufa za kukatiza upana wake, ukingo umeng'aa kwa kuteleza, na puli ilikuwa ikikwaruza ilipozungushwa kwa mkono. Vyote hivyo vingeonekana Denver kwa kurunzi, injini ikiwa imezimwa na imepoa, katika muda usiozidi dakika tano. Sasa kila ninapokodi gari huangalia mkanda kwanza, ndipo niende kuangalia kitanda.

Tulishuka Silverton kwa gia ndogo, ile ambayo ningeitumia kupandia mlima uleule, nikikanyaga breki kwa vipindi vifupi bila kuiegemea. Siku iliyofuata tulikwenda Ouray. Ukitoka kusini kwenda kaskazini unapita upande wa ndani, karibu na ukuta wa mlima, na kwa gari pana ningemshauri kila mtu achague mwelekeo huo. Mama alikaa kiti cha mbele, nami nilikuwa nimemwomba aniambie chochote atakachokisikia.