Gari limetulia mezani, lenyewe linadai limeshatoka nje

Swali: Shikamoo fundi. Nimeunda gari dogo la mota mbili za njano, Arduino Uno (kibao kidogo cha kuendeshea programu) na sensa ya mwendo ya MPU-6050. Nataka liende mita 2 kisha lisimame lenyewe. Nasoma mchapuko (kiasi kasi inavyobadilika) wa mhimili wa X, wa mbele na nyuma, naujumlisha nipate kasi, halafu najumlisha kasi nipate umbali. Tatizo, hata likiwa limetulia mezani linahesabu kwamba linakwenda. X inasoma 280 hivi badala ya 0. Sensa ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Sensa nzima kabisa, usiitupe. Tatizo ni kazi uliyoipa.

Ikiwashwa bila kubadilishwa mpangilio, MPU-6050 hupima hadi g 2 kila upande (g moja ni mchapuko wa mvutano wa dunia), na g moja huiandika 16384. Kwa hiyo 280 yako ni kama 0.017 g, yaani mita 0.17 kwa sekunde mraba. Inaonekana si kitu. Sasa ijumlishe mara mbili kama ulivyofanya: baada ya sekunde 10, gari linaamini lina kasi ya mita 1.7 kwa sekunde na limeshakwenda zaidi ya mita 8. La kwangu la kwanza lilishavuka geti kimahesabu, nami naliangalia hapa mezani.

Hiyo 280 imetoka wapi? Sensa ya mchapuko haiwezi kutofautisha kuinama na kuongeza mwendo. Gari likiwa tambarare, uzito wote wa g moja unaonekana kwenye Z, mhimili wa wima. Likiinama kidogo tu, kipande cha g kinaingia kwenye X. Jaribu: chukua daftari jembamba, la milimita 2 hivi, ulisukume chini ya magurudumu ya mbele huku ukitazama namba. Kama magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana sentimita 12, hiyo ni digrii 1 hivi, na X itaruka kwa karibu 280 ileile. Kwa hiyo huenda meza yako imeinama, au sensa umeibandika upande.

Najua utasema, basi nitoe 280 kwenye kila kipimo. Toa, gari litatulia mezani. Lakini mota zikishika, pua inanyanyuka. Sakafu nayo ina miinamo yake. Kila digrii inakurudisha ulipoanza. Kuchuja namba hakusaidii hapa: kichujio huondoa mtetemo wa gia, ila mwinamo unaokaa palepale hupita salama. Jairo (kipimo cha kasi ya kuzunguka) iliyomo ndani ya chipu hiyohiyo ingekusaidia kukisia mwinamo, lakini nayo makosa yake hujikusanya, na kwa safari ya mita 2 ni kujitesa.

Umbali uhesabie kwenye gurudumu. Mota hizo za njano zina ekseli pande zote mbili. Upande wa ndani vaa kile kisahani cha matundu 20, na sensa ya mwanga ikipande kama uma, ihesabu matundu yanayopita. Gurudumu la milimita 65 likizunguka mara moja linakwenda milimita 204, kwa hiyo kila tundu ni milimita 10 na kidogo. Mita 2 ni matundu 196. Waya wa sensa uingize pini ya 2 au 3, maana kwenye Uno ndizo zenye intarapti za nje (ishara inayokatiza programu kidogo ili tundu lihesabiwe), usije ukakosa tundu wakati programu inafanya kingine.

MPU-6050 iache palepale. Ipe kazi inayoiweza: Z ikishuka chini ya 8000 na ikabaki hapo kwa theluthi ya sekunde, gari limelala ubavu au limepinduka, zima mota. Usikate kwa kipimo kimoja tu, kibonde kidogo kinatosha kuidanganya.

Kwenye vigae magurudumu yatateleza wakati wa kuondoka na gari litasimama sentimita kadhaa kabla ya alama. Anza na nguvu ndogo, uipandishe polepole.